Kodi, Marufuku, Miti au Mitambo: Namna ya Kupima Hoja za Kupunguza Joto la Dunia

Msomaji anauliza: "Nafuatilia sana mijadala ya tabianchi, na kila mara natoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Mmoja anasema dawa ni kodi ya kaboni. Wa pili anataka makaa ya mawe yapigwe marufuku. Wa tatu anasema tupande miti. Wa nne anatutuliza, teknolojia iko njiani. Wote wanamwaga takwimu. Mimi si mwanasayansi wala mchumi. Nitamjuaje anayesema la maana?"

Wote wanne wameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana wanakuchanganya. Kila mwamba ngoma huvutia kwake: mchumi anavutia kwenye bei, mwanaharakati kwenye marufuku, mtu wa misitu kwenye miti, mhandisi kwenye mitambo. Takwimu zao nyingi ni sahihi. Kasoro ni kwamba hawajibu swali moja. Kuna swali la tupunguze kiasi gani, la tutumie chombo gani, la nani alipe, na la nani atangulie. Mtu akiulizwa la chombo akajibu kwa hasira za la malipo, hapo hakuna tena mjadala, zimebaki kelele.

Wewe shika kipimo kimoja, nacho ni tani. Kila pendekezo liulize: ni tani ngapi za gesi joto hazitaingia hewani, kuanzia lini, kwa fedha za nani, na nani atakwenda kuhakiki? Utashangaa ni hotuba ngapi zinazokwama kwenye swali la kwanza tu.

Kwa nini tani, na si huo "mwaka 2050" wa kufika sifuri unaotajwa kila mahali? Kwa sababu hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, hujilimbikiza. Sehemu kubwa ya inayotoka leo itakuwa bado iko juu wajukuu wa wajukuu wakizaliwa. Kabla ya zama za viwanda, katika kila molekuli milioni 1 za hewa, 280 hivi zilikuwa za hewa ukaa. Vipimo vya Mauna Loa kule Hawaii vilipoanza mwaka 1958 vilikuta kama 315. Sasa zimepita 420. Joto nalo hufuata jumla hiyo: kwa makadirio ya kati ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, katika ripoti ya 2021, kila tani bilioni 1,000 zinazoongezwa hupandisha joto la dunia kwa kiasi cha nyuzi 0.45 za Selsiasi. Makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na saruji vinatoa kama tani bilioni 37 kwa mwaka. Ukizidisha unapata nyuzi 0.017 hivi kila mwaka. Inaonekana si kitu, mpaka uipe miaka 30: hapo umefika nusu nyuzi, juu ya nyuzi 1 na ushei zilizokwisha kuingia.

Sasa tazama jinsi tarehe peke yake inavyodanganya. Chukua nchi mbili, kila moja ikitoa tani milioni 100 mwaka 2020, na zote zimeahidi kufika sifuri mwaka 2050. Ya kwanza inapunguza kidogo kidogo kila mwaka, kwa mstari ulionyooka. Ya pili inakaa palepale kwenye milioni 100 hadi 2045, kisha inakimbilia sifuri ndani ya miaka 5. Ya kwanza itakuwa imetoa jumla ya tani milioni 1,500. Ya pili, milioni 2,750. Zote zitapiga picha ya ushindi siku moja, na moja imechafua karibu mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo anayekutajia mwaka wa kufika sifuri, mwombe pia ramani ya njia: 2030 watakuwa wapi, 2035 wapi, na nani ana mamlaka ya kuwauliza wakikosa. Uholanzi walilifikisha swali hilo mahakamani, na Desemba 2019 mahakama ya juu kabisa ya huko iliithibitisha amri ya kuitaka serikali ipunguze angalau asilimia 25 ya gesi hizo kufikia mwisho wa 2020, ikilinganishwa na 1990.

Methani, gesi joto ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ina tabia nyingine, na ni vizuri uijue kabla mtu hajakuchezea hesabu. Hukaa hewani kama miaka 12 tu, lakini kwa muda huo inapasha joto kwa ukali. Kilo kwa kilo, kwa kipindi cha miaka 20 inaizidi hewa ukaa karibu mara 80, na kwa miaka 100 mara 27 hadi 30. Ndiyo sababu mtu wa kampuni ya gesi hupenda kutumia kipimo cha miaka 100, na mpinzani wake cha miaka 20. Hakuna aliyedanganya. Muulize tu ametumia kipi. Maana yake kwa vitendo ni kwamba kuziba methani leo kunapunguza kasi ya joto ndani ya maisha yetu wenyewe: vali zinazovuja, visima vya mafuta vilivyoachwa wazi, mabomba, gesi inayochomwa ovyo au kuachiwa hivihivi, madampo ya taka. Gesi iliyozuiwa kwenye bomba inaweza kuuzwa, kwa hiyo mara nyingine kazi hii inajilipia yenyewe. Mwaka 2021, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Glasgow, ilizinduliwa ahadi ya kimataifa ya kupunguza methani kwa asilimia 30 kufikia 2030 kutoka kiwango cha 2020. Katika mijadala ya hadharani jambo hili halisikiki sana. Nadhani hakuna anayeandamana kwa ajili ya vali.

Tuje kwenye kodi ya kaboni, maana hapo ndipo watu hugombana zaidi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mchumi wa Uingereza Arthur Pigou alilieleza mwaka 1920: anayewatupia wengine hasara bila kuilipia atozwe kiasi cha hasara hiyo, ndipo atapiga hesabu sawasawa. Ili uone kodi hiyo inagusa wapi, anza na lita 1 ya petroli. Ina uzito wa kilo 0.74 hivi, na kama asilimia 86 ya uzito huo ni kaboni, yaani kilo 0.64. Inapoungua, kila atomu ya kaboni, yenye uzito wa 12, inajifungia atomu 2 za oksijeni kutoka hewani, na uzito unakuwa 44. Zidisha 0.64 kwa 44, gawanya kwa 12: unapata kilo 2.3 za hewa ukaa. Watu wengi hawaamini kwamba lita isiyofika kilo inaweza kutoa zaidi ya kilo 2 za moshi, lakini hesabu ndiyo hiyo, uzito uliozidi umetoka kwenye hewa.

Weka sasa kodi ya dola 50 kwa tani. Kilo 2.3 zinatozwa karibu senti 12 za dola. Je, senti 12 kwa lita zitamfanya mtu aache gari? Kwa muda mfupi, wengi hapana, hasa asiye na basi wala treni. Lakini chukua kodi ileile uipeleke kwenye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, unaotoa karibu kilo 1 kwa kila uniti 1 ya umeme. Inakuwa senti 5 kwa uniti, kiasi ambacho kwenye soko la jumla la umeme kinaweza kulingana na gharama yote ya kuuzalisha. Mtambo wa gesi unatoa kama kilo 0.4, basi unalipa senti 2. Upepo na jua havilipi kitu. Kodi ambayo dereva anaiona ni kero inaipindua kabisa biashara ya makaa ya mawe.

Uingereza ilionyesha hilo. Mwaka 2013 iliweka kiwango cha chini cha bei ya kaboni kwa mitambo ya umeme, juu ya bei ya soko la vibali la Ulaya, ambalo tutalifikia. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalikuwa yanatoa kama asilimia 40 ya umeme wa nchi. Kufikia 2019 ilikuwa kama asilimia 2, na mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Haikuwa bei pekee: zilikuwepo sheria za moshi, ilikuwepo gesi, na upepo wa baharini ulikuwa unajengwa. Lakini bei ilisukuma mlango uliokuwa umeshalegea.

Kinachoiharibu kodi hii kwa kawaida si kiwango chake. Ni safari ya fedha baada ya kukusanywa. Ufaransa ilikuwa imefika euro 44.6 kwa tani mwaka 2018, na ilipanga kupanda hadi 55 mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2018 kodi ya utajiri ilikuwa imepunguzwa. Mtu wa shamba au mji mdogo, ambaye hawezi kufika kazini bila gari la dizeli, aliona analipa yeye huku tajiri akifutiwa. Novemba wakaingia barabarani wenye vizibao vya njano, na mwezi uliofuata ongezeko likafutwa. Somo ambalo wengi walilichukua ni "watu hawataki kodi ya kaboni." Mimi naona walikataa kutozwa kwa jambo wasiloweza kuliepuka, tena bila kurudishiwa.

Hata hivyo kurudisha peke yake hakutoshi. Kanada ilirudisha kwa kaya sehemu kubwa ya ushuru wake wa kaboni kwenye mafuta, na familia nyingi za kipato cha chini zilikuwa zinapata zaidi ya zilicholipa. Lakini malipo yaliingia benki kimyakimya kila baada ya miezi mitatu, wakati bei ya mafuta iko kwenye bango kila kona. Maumivu yalionekana kila wiki, dawa haikuonekana. Ushuru huo kwa watumiaji uliondolewa tarehe 1 Aprili 2025. Australia ilikuwa imetangulia: iliweka bei Julai 2012, ikaifuta Julai 2014 baada ya serikali kubadilika.

Sweden imedumu nayo tangu 1991. Ilianza na kroni 250 kwa tani, ikapunguza kodi ya mapato wakati uleule, na ikapanda hatua kwa hatua hadi zaidi ya kroni 1,000. Ilichokuwa nacho, na wengine hawakuwa nacho, ni njia mbadala iliyokwisha kujengwa: mabomba ya joto ya mji mzima yaliyoweza kuhamishwa kutoka mafuta kwenda mabaki ya mbao na taka. Mpangilio ndio siri. Mbadala kwanza, au angalau pamoja. Kodi ikitangulia miaka 10 kabla ya basi, utapata maandamano, tani hutazipata.

Binamu wa kodi ni soko la vibali. Badala ya kupanga bei, serikali inapanga idadi ya tani, inatoa vibali vya idadi hiyo, na viwanda vinauziana. Tuseme kiwanda kimoja kinaweza kupunguza tani kwa gharama ya euro 20, kingine kwa 80. Kwenye soko kibali kinauzwa 50. Cha kwanza kinapunguza tani moja zaidi na kuuza kibali, faida 30. Cha pili kinanunua badala ya kupunguza, kinaokoa 30. Hewa haijapoteza kitu, kwa sababu jumla ya vibali haikubadilika. Uzuri wote uko kwenye neno hilo: jumla. Soko la Ulaya lilipoanza mwaka 2005 vibali vilitolewa vingi mno, kwa kufuata makadirio ya viwanda vyenyewe, tena bure. Na vya awamu ya kwanza havikuruhusiwa kutumika kuanzia 2008, hivyo kufikia 2007 bei ilikuwa imeporomoka karibu na sifuri. Ukaja mdororo wa uchumi, viwanda vikazalisha kidogo, na kufikia 2013 kulikuwa na ziada ya vibali zaidi ya bilioni 2 na bei chini ya euro 5. Kuanzia 2019 wakaanzisha ghala la kuvuta ziada kutoka sokoni, na sheria ikaongeza kasi ya kushusha dari, yaani ile jumla ya vibali. Februari 2023 bei ilipita euro 100 kwa mara ya kwanza. Ukisikia nchi inaanzisha soko kama hili, usihangaike na bei ya siku ya kwanza. Uliza nani amepanga dari, linashuka kwa asilimia ngapi kila mwaka kisheria, na vibali vinapigwa mnada au vinagawiwa bure.

Anayetaka marufuku naye asichekwe. Bei hufanya kazi pale anayeamua ndiye anayelipa. Mwenye nyumba ndiye anayenunua kiyoyozi na kuchagua paa, mpangaji ndiye anayelipa bili ya umeme. Pandisha bei utakavyo, mwenye nyumba atanunua kiyoyozi cha bei ndogo kinachokula umeme. Hapo kanuni ya kiwango cha chini cha ufanisi inamaliza kazi kwa ukurasa mmoja. Hali kadhalika gesi zilizomo ndani ya viyoyozi na majokofu. Kilo 1 ya R-134a, mojawapo ya gesi hizo, kwa miaka 100, inapasha joto kama zaidi ya kilo 1,300 za hewa ukaa. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyopachikwa kwenye Itifaki ya Montreal ya 1987, yanazitaka nchi kupunguza gesi za aina hiyo kwa zaidi ya asilimia 80 kufikia miaka ya 2040. Inawezekana kwa sababu watengenezaji ni wachache, mbadala upo, na kuna mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kubadilisha viwanda. Pasipo sharti hata moja kati ya hayo, marufuku huzaa magendo.

Lakini marufuku nayo ina mpangilio wake. Ujerumani ilizima vinu vyake 3 vya mwisho vya nyuklia tarehe 15 Aprili 2023 huku makaa ya mawe yakiendelea kuungua. Kwa kipimo cha tani tu, mpangilio ule ulikwenda kinyumenyume. Walioutetea walikuwa wanapima kitu kingine, yaani hatari ya ajali na taka za nyuklia. Hilo ni swali halali kabisa, ila si swali la tani, na mtu akiyachanganya mawili hayo mrudishe taratibu.

Sasa huyu wa "teknolojia inakuja". Ana haki nusu. Bei ya paneli za jua ilishuka kwa karibu asilimia 90 ndani ya miaka 10 kuanzia 2010. Haikushuka kwa kusubiri. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 2000 ya kulipa bei ya juu kwa umeme wa jua, wanunuzi wakapatikana kabla bidhaa haijawa nafuu, na viwanda vya China vikajengwa kwa ukubwa ambao haujawahi kuonekana. Kila mara uzalishaji ulipoongezeka maradufu, gharama ilishuka tena. Teknolojia ilikuja kwa sababu kuna walioilipia ikiwa bado ghali.

Kuna mambo mawili ambayo paneli haiyagusi. La kwanza ni saruji. Ukichoma kilo 100 za mawe ya chokaa unapata kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa ukaa, na gesi hiyo inatoka ndani ya jiwe lenyewe, haijalishi tanuri limewashwa kwa makaa au kwa jua. Karibu asilimia 60 ya hewa ukaa ya saruji ni ya namna hiyo. Dawa yake ni kupunguza klinka, yaani yale madonge yanayotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji, kwa kuchanganya udongo wa mfinyanzi uliochomwa au mabaki ya tanuri za chuma, na kwa kinachobaki kuikamata gesi kwenye bomba la moshi. Anayesema sola itamaliza kila kitu hajapita karibu na tanuri la saruji.

La pili ni riba, nalo ndilo ambalo ningependa lisikike zaidi. Mtambo wa gesi unaununua kwa bei ndogo na kulipia mafuta kila siku. Mtambo wa jua unalipia karibu vyote siku ya kwanza, kwa mkopo. Chukua mtambo wa dola milioni 1, mkopo wa miaka 25. Kwa riba ya asilimia 5, marejesho ni kama dola 71,000 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 15, ni kama 155,000. Paneli zilezile, pengine kwenye nchi yenye jua kali zaidi, umeme unatoka kwa gharama zaidi ya maradufu kwa sababu tu benki inaiogopa nchi hiyo. Kwa hiyo mtu wa nchi tajiri anaposema "jua sasa ni rahisi kuliko makaa, mnangoja nini?", jibu mara nyingi liko benki. Dhamana ya mkopo inayoshusha riba inaweza kuokoa tani nyingi kuliko semina 100 za uhamasishaji.

Mitambo ya kunyonya hewa ukaa moja kwa moja kutoka angani ipo, na inafanya kazi. Ule unaoitwa Mammoth, wa Iceland, ulizinduliwa Mei 2024 ukiwa umesanifiwa kunyonya hadi tani 36,000 kwa mwaka. Gawanya tani bilioni 37 kwa 36,000 uone unahitaji mingapi: kama milioni 1. Ugumu wake ni wa kimaumbile. Hewa ukaa ni molekuli 1 katika kila 2,400 za hewa, na kuchambua kitu kilichotawanyika hivyo kunakula joto na umeme mwingi. Itakuwa na nafasi ya kufuta mabaki tusiyoweza kuyazuia. Kuitegemea ili tuendelee kuchoma ni kudeki sakafu bomba likiwa wazi. Wengine wanapendekeza kunyunyizia salfa angani ili kuakisi jua, kwa kuwa volkano ya Pinatubo ilipolipuka mwaka 1991 ilipoza dunia kwa karibu nusu nyuzi. Kweli, lakini kwa muda wa mwaka mmoja au miwili tu. Salfa huanguka, lazima inyunyiziwe tena na tena, na siku ikisitishwa joto lililofichwa linarudi kwa kishindo. Bahari wakati wote huo inaendelea kuwa na asidi zaidi.

Na miti? Hekta 1 ya msitu unaokua kwenye ukanda wa joto inaweza kufyonza, tuseme kwa ukarimu, tani 10 za hewa ukaa kwa mwaka. Kufuta tani bilioni 37 kungetaka hekta bilioni 3.7 mpya. Misitu yote iliyopo duniani ni kama hekta bilioni 4. Isitoshe, mti ukikomaa kasi inapungua, na ukiungua kila ulichokiweka kinarudi. Panda, lakini kwanza usikate: msitu wa zamani umebeba akiba ambayo mche hauifikii kwa miaka mingi.

Kwenye biashara ya kaboni ya misitu, ambako mwenye mradi huuza tani anazosema amezizuia na mnunuzi huzihesabu kuwa zake, ndipo hesabu huharibika zaidi, na kuna mahali pamoja pa kuangalia kwanza. Tuseme kuna msitu wa hekta 10,000. Mwenye mradi anasema bila yeye zingekatwa hekta 400 kwa mwaka. Sasa zimekatwa 100. Anauza kaboni ya hekta 300. Kila kitu kinategemea ile 400, na hakuna aliyeiona, kwa sababu ni ya dunia ambayo haikutokea. Tafuta msitu wa jirani unaofanana, usio na mradi. Ukikuta nao umepoteza asilimia 1 tu, yaani sawa na hekta 100 kwa kila 10,000, basi hakuna kilichookolewa, ile 400 ilikuwa ya makaratasi. Kisha angalia kama wakataji wamehamia bonde la pili, kama kuna akiba ya kufidia moto, na kama serikali nayo imezihesabu tani hizohizo kwenye ahadi yake chini ya Mkataba wa Paris wa tabianchi. Karatasi ikiwa tupu na aliyeinunua ameitumia kama ruhusa ya kuchoma makaa halisi, hewa imeongezewa mzigo, haikupunguziwa.

Nimesema kuna swali la nani alipe. Sehemu yake moja imefichwa ndani ya hesabu za wachumi. Nicholas Stern, katika ripoti yake ya 2006 kwa serikali ya Uingereza, alitaka hatua kubwa mara moja. William Nordhaus, aliyepata Nobeli ya uchumi 2018, aliona twende polepole zaidi. Sayansi waliyoitumia haikutofautiana sana. Waliachana kwenye thamani waliyoipa hasara ya kesho. Hasara ya dola milioni 1 itakayotokea miaka 100 ijayo, ukiipunguza kwa asilimia 1.4 kwa mwaka, kiwango cha karibu na cha Stern, inastahili kuzuiwa leo kwa dola 249,000 hivi. Kwa asilimia 5, inastahili dola 7,600. Namba hiyo moja haitoki maabara. Ni uamuzi kuhusu mjukuu ana uzito gani mbele yetu, nawe una haki ya kuwa na kauli juu yake hata kama hujasoma uchumi.

Sehemu nyingine ni ya historia. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote ya mafuta na makaa tangu viwanda vianze. China sasa inatoa karibu theluthi ya kila mwaka. Afrika yote haifiki asilimia 5. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi wa 1992 uliliweka hilo kwa maneno ya "wajibu wa pamoja ulio tofauti", na tangu hapo ugomvi umekuwa juu ya tofauti ni kiasi gani. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka kufikia 2020. Kwa hesabu za OECD, shirika la uchumi la nchi tajiri, zilikifikia kiasi hicho mwaka 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Kule Baku mwaka 2024 zikaahidi bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035. Kwa kila ahadi kama hiyo uliza kama ni ruzuku au mkopo, na kama ni fedha mpya au ni msaada wa zamani uliobadilishiwa jina.

Mdahalo ujao ukisikia asilimia, dai mwaka wa msingi kabla hujapiga makofi. "Tumepunguza asilimia 30" tangu 1990 na tangu 2005 ni vitu viwili tofauti kwa nchi iliyofikia kilele mwaka 2005. Uliza pia kama wamehesabu kinachochomwa ndani ya mipaka tu, au pamoja na chuma na saruji wanavyoagiza kutoka nje. Nchi inaweza kupunguza tani zake kwa kuhamishia kiwanda ng'ambo, na ndicho Ulaya inachojaribu kukikabili kwa tozo yake ya kaboni mpakani iliyoanza kwa majaribio Oktoba 2023. Na kabla mtu hajapendekeza kodi mpya, muulize ruzuku za zamani zinakwenda wapi: kwa hesabu za IMF, ruzuku za wazi kwa mafuta, gesi na makaa mwaka 2022 zilifika kama dola trilioni 1.3.